Banda la Mbuyi, Banda la Kabanga

Siku Rachelle Ntumba alipofika kwa Mama Domitille mara ya kwanza, nusura afukuzwe kwa jembe, na chanzo chake kilikuwa neno moja tu. Alisimama pembeni mwa mihogo, buti za mpira zimejaa tope, mkononi kifaa chenye umbo la sufuria ndogo, akasema kwa adabu zote kwamba ametoka chuo kikuu na amekuja kuchunguza champ iliyo chini ya waya mkubwa. Sasa, mtu wa Kolwezi ukimtajia champ, anasikia shamba. Na chini ya waya ule, kati ya nguzo mbili za chuma, shamba lilikuwa moja: la Domitille, miaka kumi na tisa jembe lake likipita pale.

"Champ gani?" Domitille alifoka. "Hii njo champ yangu. Mihogo yote nilipanda mi mwenyewe. Uambie bale benye kukutuma: Mama Domitille hatoke hapa!"

Mwingine angerudi nyuma. Rachelle alicheka hadi akashika nguzo.

"Apana, mama. Si champ ya mihogo. Ni champ ya courant, ya umeme. Kuko kitu kinatoka mu waya, hakionekane, kinatuzunguka pale tuko nasimama sasa hivi. Mi nataka kujua kama kinafanya kitu ku bitu biko na uzima."

"Courant iko na shamba?"

"Iko nalo, mama."

"Na inalima nini?"

Rachelle aliacha kucheka. Akatoa daftari mfukoni, akaliandika swali hilo lilivyo, neno kwa neno, kisha akamtazama Domitille usoni. "Ile njo sijue," alisema. "Ile njo nimekuja kuuliza."

Domitille aliweka jembe chini. Maishani mwake alikuwa ameona watu wengi wenye diploma wakipita kwenye ile njia, wahandisi, wapimaji, mabwana wa migodi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba hajui.

Waya wenyewe kila mtu wa upande ule anaufahamu. Unatoka bwawa la Inga, mwisho mwingine wa nchi, unakatiza misitu na mito kwa kilomita elfu moja na mia saba, unakuja kuishia Kolwezi ili migodi ipate kula na kushiba. Wanaoishi chini yake wanapikia makaa. Na kwa kuwa wameishi nao muda mrefu bila mtu kuwaeleza chochote, walikuwa wamejieleza wenyewe. Wengine walisema kuku wa chini ya waya hawatagi vizuri. Wengine walisema nywele zinasimama wakati wa kiangazi. Wanawake walisema, kwa sauti ya chini, mambo ya mimba zilizoharibika.

Rachelle hakulicheka hata moja kati ya hayo. Aliyaandika yote. Kisha akaanza kupima, na hapo ndipo Domitille alipoanza kumpenda, tuseme wazi, kama mtu anavyompenda fundi asiyelipua kazi. Kila baada ya hatua ishirini alisimama, akaweka kile kisufuria chake juu ya kigoda, akasubiri, akasoma, akaandika. Hatua ishirini tena. Kutoka chini ya waya hadi mbali kule ambako mshale wa kifaa ulilala kabisa. Alipima Januari mvua ikimchapa mgongoni, akapima Julai vumbi jekundu likimwingia hadi kwenye meno, na vituo vilikuwa vilevile, alivyovipigia vigingi, asiruke hata kimoja. Jirani wa Domitille, Jémima, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alimuuliza siku moja bila kuzunguka: huu courant utaniulia mutoto? Rachelle angeweza kumtuliza kwa neno tamu. Alimjibu, "Mama, sijue bado. Sitakudanganya." Jémima alinuna wiki nzima. Domitille aliona kwamba huyu binti ana moyo wa chuma.

Baada ya miezi kumi ya kupima yakaja mabanda. Mawili, ya ukubwa mmoja, mbao za duka moja. Moja chini ya waya kabisa, la pili mita mia saba kutoka pale, kwenye kiwanja cha shemeji yake Domitille, ambako mshale ulilala. Kila banda kuku kumi na watano wa umri mmoja, chakula cha mfuko mmoja, maji ya kisima kimoja. Domitille ndiye aliyekabidhiwa kazi: kila asubuhi akusanye mayai ya banda hili kwenye beseni la bluu na ya lile kwenye beseni jekundu, arudi nyumbani, ayapime mezani, ayaandike. Rachelle angekuja kila Jumatano.

Juu ya milango Rachelle alikuwa amepigilia vibao viwili. Banda la chini ya waya lilikuwa Exposé, yaani lililoachwa wazi mbele ya umeme. La mbali lilikuwa Témoin, yaani lile la kulinganishia. Domitille alikunja uso.

"Témoin? Shi témoin ni shahidi wa tribunal? Kuku yangu iliona nini? Nani aliiba?"

"Basi tubaite namna gani, mama?"

Domitille hakufikiri hata kidogo. Mambo mawili yanayolingana kila kitu, yeye alikuwa na jina lake tayari mdomoni. "Mbuyi na Kabanga," alisema.

Rachelle alifurahi mno. Baba yake ni Mluba wa Kasai kama Domitille. Alijua kwamba hayo ni majina ya mapacha, na kwamba huyu mama mbele yake, mwenye binti wawili waliozaliwa siku moja, huitwa na watu wote Mwa-Mbuyi kwa heshima. Akageuza vibao, akaandika kwa rangi nyeupe: Mbuyi, chini ya waya. Kabanga, kule mbali. Wote wawili walisimama wakavitazama wakaona vimependeza. Hakuna aliyeona kwamba pale pale kazi ilikuwa imeharibika.

Maana kuwa Mwa-Mbuyi si jina tu, ni kazi ya maisha. Mapacha hupewa sawa. Binti zake walipokuwa na miaka miwili, shangazi yao alitoka Lubudi na gauni moja, la Mbuyi, kwa kuwa sokoni alikuta moja tu. Usiku uleule Kabanga akashikwa na homa. Siku tatu alichemka kama chungu, macho yamegeuka, na mama mkwe wa Domitille akasema neno ambalo halikumtoka tena masikioni: umewatenganisha watoto. Kabanga alipona. Lakini tangu hapo Domitille hakununua kitambaa kimoja, hakukata mkate bila kupima kwa jicho. Hata kofi, Mbuyi akipata lake, Kabanga naye alipata, asijue kosa lake ni nini. Sasa binti walikuwa wakubwa, mmoja ameolewa Lubudi, mwingine yuko Manika na duka lake la vitenge, na mkono wa mama yao ulikuwa haujui tena kugawa vingine.

Asubuhi ya kwanza beseni la bluu, la Mbuyi, lilikuwa na mayai tisa. Jekundu, la Kabanga, kumi na mawili. Domitille alikaa mezani, kalamu mkononi, daftari wazi. Mbuyi, tisa, alijisemea. Hapo mkono ukagoma. Kusema kwamba mmoja amepata zaidi ni kitu kimoja. Kukiandika kwa wino, kikakaa pale siku zote, ni kitu kingine kabisa. Halafu akachukua yai moja kutoka beseni jekundu, akaliweka kwenye la bluu. Kumi, kumi na moja. Lile moja lililozidi lilimkera, akaahidi moyoni kwamba kesho Mbuyi ndiye atakayezidishiwa. Jumla si ilikuwa ileile? Hakuna yai lililoibwa, hakuna lililoongezwa. Aliandika, akafunga daftari, akaenda zake shambani.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea, asubuhi baada ya asubuhi, miezi mitano.

Jumatano moja Rachelle alifika na kompyuta yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, uso unang'aa. Alimkalisha Domitille, akamkalisha na Jémima aliyekuwa amepita kuomba chumvi, akawafungulia. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, ikipanda pamoja, ikishuka pamoja, imeshikamana mwanzo hadi mwisho.

"Angalieni! Mbuyi iko chini ya waya, Kabanga iko mbali, na mayayi ni sawasawa. Prof Tshibangu, mwenye kunisimamia, amefurahi sana. Samedi nitaionyesha mu salle ya paroisse kule Manika, mbele ya baprofesa na batu bote ba quartier. Kisha ile, ataniruhusu niandike thèse, kitabu ya kumaliza masomo."

"Donc waya haifanye kitu?" aliuliza Jémima.

"Ku mayayi ya kuku, kwa hii miezi mitano, sikuona kitu. Juu ya batu sijasema neno."

Lakini Jémima alikuwa amekwisha kusikia alichotaka. Alipiga makofi. "Basi mi najenga! Bwana yangu alikuwa anaogopa, sasa namuambia docteur amesema. Nyumba yetu tunaileta pale chini ya waya, kiwanja kiko cha bure."

Domitille alitazama ile mistari miwili. Haikuwa mistari ya kuku. Ulikuwa mkono wake. Alikuwa anajiangalia yeye mwenyewe kwenye kioo, akigawa, akisawazisha, siku mia moja na hamsini na mbili, na juu ya mkono huo mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anakwenda kujenga nyumba. Alitaka kusema papo hapo. Lakini Rachelle alimkumbatia, akaondoka anaimba.

Siku nzima ile Domitille hakula. Mumewe Philippe, dereva wa mgodini kule Kingamyambo, alirudi kazini akamkuta amekaa tu mbele ya mabeseni. Alimsimulia yote. Philippe alikuna kidevu.

"Ukisema, unamuvunja ule mutoto," alisema. "Miezi kumi na tano ya kazi yake."

"Najua."

"Na usiposema?"

Kesho yake asubuhi Domitille alipanda pikipiki ya taxi-moto hadi Manika, ameshika daftari kwa mikono miwili, na njia nzima aliomba tairi ipasuke.

Rachelle alikuwa ofisini, chumba kidogo chenye meza tatu, anayapanga maneno yake ya Jumamosi. Aliinuka kwa furaha kumpa kiti. Domitille hakukaa. Alijua akikaa hatasema.

"Docteur, ile mayayi... mi nilikuwa naitengeneza."

"Kutengeneza namna gani, mama?"

"Mbuyi na Kabanga banapashwa kuwa sawa. Kama moya amepata mingi, nilikuwa natoa ku beseni yake, naweka ku ya mwenzake. Mayayi ni yenyewe, sikuiba hata moya. Lakini nilikuwa nagawanya."

"Tangu siku gani?"

"Tangu siku ya kwanza."

Rachelle alikaa. Hakupiga kelele, na Domitille angependa zaidi apigiwe kelele. Aliigeukia kompyuta, akafanya hesabu moja fupi, akatoa namba za Kabanga kwenye za Mbuyi, siku kwa siku. Sifuri. Moja. Moja. Sifuri. Moja. Aliteremka hadi chini kabisa, hakukuwa na mbili hata mara moja.

"Ilikuwa hapa mbele ya macho yangu," alisema polepole. "Kuku makumi tatu, siku mia moja na makumi tano, na tofauti haipite moya. Kuku haizale vile, mama. Hakuna kitu chenye uzima kinafanya vile. Nilisomea ile, na sikuona, juu ilikuwa inanifurahisha."

"Mwenye alikuwa anapata mingi alikuwa nani?" Rachelle aliuliza tena. "Mbuyi ao Kabanga?"

"Siku ingine huyu, siku ingine huyu. Kwa jumla sijue." Machozi yalianza kumtoka Domitille. "Sikutaka kujua."

Rachelle aliweka uso mikononi. Mabega yalitikisika, na Domitille hakuweza kutambua kama analia au anacheka. Baadaye Rachelle alikiri vyote viwili. Domitille alisogea karibu, akapunguza sauti.

"Mutoto yangu, hakuna mutu anajua. Ni mi na weye tu. Tunaweza kunyamaza."

"Ni mi na weye," Rachelle alisema, akainua uso uliolowa, "na Jémima anajenga nyumba."

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa hadi milangoni. Mbele waliketi maprofesa, Tshibangu katikati na tai yake ya sherehe, pembeni mabwana wawili wa umeme, nyuma wakazi wote wa upande wa waya. Domitille alijificha karibu na mlango. Alikuwa na hakika ya jambo moja: leo jina lake litatajwa, na hatapita tena sokoni kichwa juu.

Rachelle alionyesha vipimo vyake vya hatua ishirini ishirini, na ukumbi ulimsikiliza, kwa sababu kazi ile ilionekana imetolewa jasho. Kisha akaweka ile mistari miwili iliyoshikamana. Watu walianza kunong'ona kwa furaha. Akasubiri wanyamaze.

"Hii dessin ni ya uongo," alisema. "Musiiamini. Mtu asijenge nyumba juu yake. Mabanda niliyapa majina ya mapacha, na majina yaliingia ndani ya hesabu. Mayai yaligawanywa yawe sawa kabla ya kuandikwa. Kosa ni langu. Nilipashwa kutia alama kila yai pale pale lilipotagwa, na sikufanya, nilizani yai ni yai tu. Nimelijua hili juzi."

Hakumtaja mtu. Profesa Tshibangu alikuwa amebadilika rangi. Alivua miwani.

"Mademoiselle Ntumba. Kisha miezi kumi na tano, unatuambia unajua nini?"

"Juu ya kuku, prof, sijue kitu. Najua njia moja mubaya ya kuhesabu mayayi."

Kuna waliocheka. Kuna mmoja wa wale maprofesa aliyetikisa kichwa na kuandika kitu, na Domitille, aliyekuwa hajui kusoma uso wa profesa, aliusoma huo vizuri. Binti alikuwa anabomolewa pale mbele, tofali kwa tofali, na alisimama wima, mikono nyuma, hakumnyooshea mtu kidole. Domitille alikuwa amejiandaa kwa aibu ya kutajwa. Aibu ya kutotajwa ndiyo iliyomshinda. Miguu ilimpeleka katikati ya ukumbi kabla hajapata ruhusa yake mwenyewe.

"Ni mi!" alisema. "Mwa-Mbuyi. Mi njo nilikuwa nagawanya. Yeye hakujua. Mi mwenyewe nilienda kumuambia, na angeweza kunyamaza, na amekatala. Mumuhukumu na ile!"

Kisha kutoka safu ya wanawake wa Kasai bibi mmoja, naye mama wa mapacha, akasema kwa sauti kubwa, "Na mi ningefanya vile vile!" na kicheko kilichofuata kilikuwa cha upole. Jémima hakucheka. Alikuwa amemkumbatia mtoto wake, anamtazama Rachelle kwa macho mengine kabisa.

Profesa alirudisha miwani. Alisema thèse haitaandikwa mwaka huu, mabanda yaanze upya, na safari hii mayai yahesabiwe na mtu wa chuo, aliyesomea.

"Apana, prof," Rachelle alisema. "Namba zitaandikwa na Mama Domitille."

"Mademoiselle! Kisha yote hii?"

"Juu ya yote hii. Mutu mwenye kuniletea makosa yake yeye mwenyewe, hakuna mutu anamusukuma, nitamupata wapi mwingine?"

Tshibangu alianza kukusanya karatasi zake, na wote waliomjua walielewa kwamba amekubali.

Vibao viling'olewa. Mahali pake ziliandikwa namba mbili tu, na kila yai lilitiwa alama ya penseli lingali na joto, ndani ya banda, kabla ya kuguswa na beseni lolote. Mwanafunzi wa chuo alipita siku yoyote bila taarifa kuhakiki. Rachelle alianza tena kupima hatua ishirini ishirini, kutoka kigingi cha kwanza.

Asubuhi ya kwanza Domitille alikaa mezani. Banda moja mayai kumi na matatu. Banda jingine manane. Philippe alikuwa anakunywa chai mbele yake, akajifanya hamtazami. Kalamu ilisimama juu ya karatasi muda mrefu kiasi kwamba nzi alitua juu yake akaondoka. Domitille alimkumbuka mtoto wa miaka miwili aliyechemka siku tatu, akasikia ile sauti ya mama mkwe wake. Akajikaza kisabuni. Akaandika kumi na tatu. Akaandika nane. Wino ukakauka.

Jioni alimpigia simu Mbuyi, Lubudi. Mbuyi alikuwa anakaanga samaki, alikuwa mzima. Akampigia Kabanga.

"Mama, shi tuliongea jana? Kuko nini?"

"Hakuna kitu. Hauna homa?"

"Apana, mama. Niko muzuri."

"Basi," alisema Domitille, na alikata simu bila kukumbuka kuangalia kama amezungumza na huyu dakika sawa na yule.

Kesho yake ikawa saba na kumi na moja. Akaandika saba na kumi na moja.